Mbwa-mwitu wa Sindano na Chemosit wa Uasin Gishu

Ukishapita Timboroa, ambako reli hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret huanza kuteremka taratibu, lakini baridi haiteremki nayo. Burnt Forest, katika Uasin Gishu, iko hapo. Mwezi wa Julai, ikifika saa kumi na moja jioni, ukungu umeshatanda juu ya mashamba ya viazi, malori ya kwenda Malaba yamewasha taa, na wachuuzi wa kando ya barabara wamevaa makoti mawili mawili. Ni mahali ambapo mtu akikuambia ameona kitu kikivuka barabara asikifahamu, humcheki papo hapo. Unamuuliza kwanza kilielekea upande gani.

Ipo filamu moja kuukuu ya Marekani ambayo ingeweza kurekodiwa hapa bila kubadilisha chochote ila nambari za magari. Inaitwa The Werewolf. Ilitolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1956, haina rangi, na haifiki hata saa moja na nusu. Mji wake wa kubuni, Mountaincrest, uko milimani, katikati ya misonobari. Usiku, mwanamume asiyejulikana anaingia baa. Anaagiza kinywaji, analipa, na akiulizwa yeye ni nani, hajui. Si kwamba anaficha. Hajui kweli. Jambazi mmoja ameziona noti zake na anamfuata nje, na jambazi huyo harudi. Baadaye wanaume wa mji wanafuata nyayo kwenye theluji: kiatu, kiatu, kiatu, halafu makucha.

Hapo ndipo filamu inapokukamata shati, na kwa gharama ya theluji tu.

Jina la mgeni huyo ni Duncan Marsh, na aliyemwigiza ni Steven Ritch. Ana mke na mtoto wa kiume, na maisha ya kawaida kabisa. Alipata ajali ya gari njiani, akafikishwa kwa madaktari wawili, Morgan Chambers na Emery Forrest. Badala ya kumtibu tu na kumwachilia aende zake, walimdunga sindano ya dawa iliyotokana na mbwa-mwitu aliyepigwa mionzi ya nyuklia. Chambers ana hoja yake. Anaamini kwamba mabomu yatawamaliza wanadamu siku moja, na anataka kuwaandaa wachache ambao mionzi haitawaweza. Marsh ni jaribio. Akapona majeraha, akapoteza kumbukumbu, na tangu hapo kila akibanwa hugeuka.

Akibanwa, nasema, si mwezi ukiandama wala ukipevuka. Katika filamu hii mwezi hauna kazi yoyote. Marsh anageuka mchana kweupe, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu ameogopa au amekasirishwa au amekosa pa kukimbilia. Risasi za fedha hazitajiki. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika The Wolf Man ya 1941, ile ya Lon Chaney Jr. ambayo ndiyo mama wa filamu hizi zote, mtu anaumwa na mnyama, laana inamwingia, na fimbo yenye kichwa cha fedha ndiyo inayommaliza. Mwezi mpevu wenyewe ulitiwa mkazo katika mwendelezo wa 1943. Yote hayo ni mambo ya makaburi na waganga. Miaka 15 baada ya The Wolf Man, The Werewolf inaondoa waganga, inaweka makoti meupe.

Aliyeitoa ni Sam Katzman, produsa ambaye hakupenda kutumia senti kumi pale ambapo tano zingetosha. Hollywood ilimbandika jina la Jungle Sam kwa sababu ya filamu za Jungle Jim, 16 kwa jumla kati ya 1948 na 1955, ambamo Johnny Weissmuller, yule yule aliyekuwa Tarzan, alipambana na mamba na majangili katika misitu ya kudhaniwa iliyokuwa California. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu aliyejipatia riziki kwa kuuza msitu wa bandia. Mwelekezi wake, Fred F. Sears, alikuwa mchapakazi wa aina yake. Mwaka huo huo wa 1956 majina yao wawili yalikuwa kwenye Rock Around the Clock, filamu ya Bill Haley iliyowapandisha vijana wa Ulaya kwenye viti vya sinema wakicheza, na kwenye Earth vs. the Flying Saucers, ambayo ndiyo iliyooneshwa pamoja na The Werewolf kwa tiketi moja. Sears alifariki Novemba 1957 akiwa na miaka 44 tu. Sijui alipata lini nafasi ya kulala.

Ubahili unaonekana, nisikufiche. Mpambaji Clay Campbell alimvalisha Ritch sura inayokaribiana sana na ile aliyoitengeneza kwa The Return of the Vampire ya 1943, na kuna pahali ambapo Marsh akishageuka anafanana na mbwa aliyenyeshewa. Lakini ubahili huo huo ndio uliowapeleka Big Bear Lake, milimani California, badala ya kujenga mji studioni, na hapo filamu ikapata kitu ambacho fedha hazinunui: miti ya kweli, pumzi zinazotoka kwa mvuke, wanaume waliochoka kupanda mlima kweli kweli. Marsh anakanyaga mtego wa chuma uliotegewa wanyama na kuhangaika kujitoa, na unaamini kwamba mguu unauma. Ritch naye hakuigiza mnyama. Aliigiza mtu mgonjwa anayeona aibu ya ugonjwa wake. Nimetazama wanamazingaombwe wa kompyuta wa siku hizi wakigeuza watu kuwa majitu kwa mamilioni ya dola, na sikumbuki hata mmoja aliyenihuzunisha kama huyu.

Mji unagawanyika. Daktari wa pale na mpwa wake muuguzi, Amy, wanataka Marsh akamatwe akiwa hai ili atibiwe. Wengine wanataka apigwe risasi, basi. Sherifu, aliyeigizwa na Don Megowan, amesimama katikati na bunduki yake akijaribu kufuata sheria ambayo haikuandikwa kwa ajili ya kesi kama hii. Mke na mtoto wanaletwa, wanamwita kwa kipaza sauti msituni ajitokeze. Anajitokeza, anatiwa rumande. Na ni nani wanaoingia kwenye seli usiku kumuua? Si wananchi wenye hasira. Ni madaktari wake wawili, kwa sababu ushahidi wa walichokifanya ni yeye mwenyewe. Anageuka, anawaua, anatoroka, na mwishowe wenye bunduki wanambana kwenye bwawa la maji. Akishakufa uso wa mtu unarudi.

Mwaka uliofuata kampuni ndogo, American International Pictures, ilichukua wazo hilo hilo na kulishusha hadi shuleni: I Was a Teenage Werewolf, na Michael Landon, ambaye baadaye Bonanza ingemfanya maarufu duniani, kama mwanafunzi mkorofi anayepelekwa kwa daktari wa akili atulizwe na badala yake anarudishwa kwenye unyama kwa dawa na usingizi wa kiini macho. Hiyo ndiyo iliyoleta fedha, na ndiyo iliyobaki midomoni. Hata koti la Michael Jackson mwanzoni mwa Thriller, video ya 1983, na msichana wake anayelia porini, ni mzaha uliochongwa kutoka kwenye filamu za namna hiyo. Lakini kwangu ile ya Katzman ndiyo bora, kwa sababu haina mzaha na haimlaumu mgonjwa.

Sasa, tuiache sinema kidogo tuingie hospitali.

Machi 1945, Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Mji huo ulijengwa kwa siri wakati wa vita kwa ajili ya bomu la atomiki. Mfanyakazi mmoja wa ujenzi, Mmarekani mweusi aitwaye Ebb Cade, alikuwa garini akielekea kazini ajali ilipotokea. Akavunjika mkono na mguu, akalazwa katika hospitali ya jeshi. Zaidi ya hapo alikuwa mzima wa afya. Tarehe 10 Aprili alidungwa sindano ya plutoniamu. Hakuambiwa ni nini. Mifupa yake haikuungwa mara moja, maana walitaka kwanza kupata vipande vyake vya kupima, na meno yake 15 yaling'olewa yachunguzwe vilevile. Alikufa 1953 kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa wa kwanza kati ya wagonjwa 18 waliodungwa plutoniamu hadi 1947, wengine Rochester, wengine Chicago na San Francisco, na umma haukuyajua majina yao mpaka mwanahabari Eileen Welsome wa gazeti la Albuquerque Tribune alipoanza kuyachapisha mwaka 1993. Oktoba 1995 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali.

Linganisha. Mtu anasafiri kwa gari, anapata ajali, anaokotwa akiwa hoi, madaktari wanaofikiria vita vya nyuklia wanamdunga mionzi bila kumuuliza. Walioandika The Werewolf hawakuwa na njia ya kujua habari za Cade. Faili zilikuwa zimefungwa na zingebaki zimefungwa kwa miongo. Waliandika kwa haraka, wakitafuta namna mpya ya kuuza mnyama wa zamani, katika nchi iliyokuwa imeanza kuogopa mionzi baada ya jaribio la Bikini la 1954 kuwanyeshea majivu wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini. Hofu ilikuwa hewani, wakaichota. Sinema ya bei rahisi mara nyingi huwa karibu na ukweli kwa sababu haina muda wa kuupamba.

Na huku kwetu?

Kwa mtoto yeyote aliyelelewa na nyanya wa Kikalenjin katika nyanda hizi, kuanzia Burnt Forest hadi Kapsabet, jitu la usiku lina jina: chemosit. A. C. Hollis, afisa wa kikoloni aliyeandika kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, alilieleza kama lilivyosimuliwa: nusu mtu, nusu ndege, lenye mguu mmoja na makalio tisa, kinywa chekundu kinachong'aa gizani mithili ya taa, na fimbo kama mkuki ambayo hulitumia kama gongo la kutembelea. Hula watu, na watoto ndio kitoweo chake. Usiku huimba, na mtoto akiona mwanga ule na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma mahali, akauendea. Mnyama huyu amefikiriwa na akili ya hali ya juu. Hakimbizi mtu. Humvuta kwa kile anachokipenda, na mzazi hana haja ya kueleza zaidi kwa nini mtoto asitoke nje baada ya jua kutua.

Kisha chemosit alikutana na wazungu, na mambo yake yakaharibika.

Mwaka 1905 Waingereza walipeleka jeshi kuwavunja Wanandi waliokuwa wameisumbua reli kwa miaka. Tarehe 19 Oktoba afisa wa jeshi hilo, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, kwenye mkutano uliotangazwa kuwa wa amani. Aliyekuwa katika msafara huo wa kijeshi pia ni Geoffrey Williams, ambaye baadaye, katika jarida la chama cha wanahistoria asilia wa Afrika Mashariki na Uganda la 1912, alieleza kwamba karibu na mwamba wa Sergoit, kaskazini mashariki mwa Eldoret ya leo, alimwona mnyama mkubwa ameketi kwa matako jinsi dubu anavyokaa, kisha akaondoka kwa mwendo wa kuyumba. C. W. Hobley, mkuu wa mkoa, naye akakusanya ushuhuda zaidi. Makaburu waliokuwa wamepanda milima hii mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe wakiongozwa na Jansen van Rensburg walikuwa wameshagawiwa mashamba, na hadithi zilizunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Mnyama akapewa jina: dubu wa Nandi.

Tazama lilivyo jambo la ajabu. Kusini mwa Sahara hakuna dubu. Na waliopewa kummiliki dubu huyu ni watu waliokuwa wametoka tu kushindwa vita, kiongozi wao amezikwa, ng'ombe wao wamechukuliwa. Ukitaka kujua nani ameshika kalamu katika nchi, angalia mazimwi yanaitwa kwa majina ya nani.

Wazungu hao hawakuwa wajinga, hata hivyo. Okapi alikuwa ametambuliwa na sayansi mwaka 1901 tu, kutoka misitu ya Kongo, na mwaka 1904 Meinertzhagen huyo huyo, yule wa Koitalel, alikuwa amepeleka London mabaki ya nguruwe mkubwa wa msituni ambaye hadi leo ana jina lake katika vitabu vya wanyama. Wanyama wawili wakubwa kwa miaka mitatu. Kwa nini pasiwe na wa tatu? Mwaka 1923 mtaalamu wa visukuku C. W. Andrews aligusia uwezekano kwamba mnyama wa hadithi hizi ni masalia ya kalikotheri, jamaa wa mbali wa farasi na kifaru aliyekuwa na kucha badala ya kwato, ambaye mabaki yake yamechimbwa Afrika Mashariki. Mwaka 1935 Louis Leakey, wakati huo kijana, alilirudia swali hilo katika gazeti la Illustrated London News. Mwili haukupatikana. Wanaotazama ushuhuda huo leo hukisia fisi, nyani mkubwa, nyegere, au mhanga aliyeonwa kwa mbali na mtu aliyekwisha kusimuliwa.

Kwa hiyo mambo mawili yalitendeka pande mbili za dunia, kinyume kabisa. Hollywood ilimchukua mnyama wa hekaya ikamtia maabara. Uasin Gishu ilimchukua mnyama wa hekaya ikamtafutia kabati katika jumba la makumbusho. Kila mara sayansi iliwekwa mahali pa nyanya. Lakini Katzman, kwa ubahili wake, aliifanya sayansi ndiyo zimwi, na hapo akatupita. Wataalamu wa Nairobi na London walimnyang'anya chemosit makalio, fimbo na taa ya kinywani, wakamwachia manyoya na mgongo ulioinama, kisha wakashangaa kwa nini hawamwoni. Chemosit wa nyanya yuko pale pale alipokuwa. Yule wa makumbusho hajawahi kuwepo.

Sayansi nayo hutania. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba, pamoja na sampuli kutoka Kenya, ulionyesha kwamba wale tuliowaita mbweha wa dhahabu barani Afrika si mbweha bali ni aina yao wenyewe ya mbwa-mwitu. Yaani mnyama yule mwembamba anayetimka kandokando ya barabara Laikipia na Mara alilala mbweha akaamka mbwa-mwitu, bila mwezi wala sindano.

Mwaka ambao Marsh alikuwa akiwindwa kwenye skrini za Marekani, huku kulikuwa na msako wa kweli. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu 1952. Serikali ilichuja filamu kwa kuangalia rangi ya mtazamaji, na katika magazeti ya walowezi wapiganaji wa msituni walielezwa kwa lugha ya wanyama. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 kiongozi wao, Dedan Kimathi, alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, amevaa ngozi ya chui. Picha yake akiwa amelala chini, pingu mikononi, ilisambazwa kila mahali kama picha ya mnyama aliyewindwa. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari iliyofuata. Ukiitazama The Werewolf huku ukilijua hilo, wale wanaume wenye bunduki na taa wanaopanda mlima kwenye theluji hawaonekani tena kama watu wa Mountaincrest.

Najua pia kwamba kwa wasomaji wengi jina la Burnt Forest halileti sinema akilini. Linaleta mapigano ya kikabila ya 1992, na linaleta ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008. Sitaichanganya damu hiyo na hadithi ya zimwi. Walioumia hapa hawakuumizwa na chemosit wala na watu waliogeuka kitu kingine. Waliumizwa na watu waliobaki watu, wenye majina, na wengi wa majirani zao wanayajua.

Basi nirudi kwenye filamu, maana ndiyo inayonisumbua. Ni kazi inayomfaa msimulizi wa filamu wa aina ya DJ Afro. Hatua ni fupi, wabaya wako wazi, sherifu anaweza kuwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, bila shida, na Amy akaitwa Sista wa zahanati. Katika vibanda vya video vya barabara kuu, ambako wengi wetu tuliona filamu tukisikia sauti ya Kiswahili cha mitaani juu ya Kiingereza, ingekaa vizuri katikati ya Rambo na Bruce Lee. Watu wangecheka manyoya, na kicheko hicho ni halali. Sidhani wangecheka sindano. Kila mtu humu ana ndugu aliyewahi kulazwa mahali akapewa dawa ambayo hakuna aliyemweleza jina lake.

Lakini kusimulia za wengine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imeshaanza kufanywa karibu nasi. Wanuri Kahiu alitupa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dakika 20 na ushei kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye isiyo na maji, na ikafika Sundance. Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, ametengeneza filamu za mapigano kwa vyuma chakavu na damu ya rangi, na Who Killed Captain Alex? ya 2010 imetazamwa na watu wa mabara yote wakijua kabisa kwamba helikopta zake si za kweli. Katzman angemwajiri Nabwana kesho yake, na Nabwana angemfundisha Katzman kubana matumizi.

Burnt Forest ina kila kitu ambacho Big Bear Lake ilikuwa nacho, na baadhi yake ni cha bure. Ina ukungu ambao studio hulazimika kuutengeneza kwa mashine. Ina mashamba ya miti ya kupandwa kuelekea Timboroa, yenye safu zilizonyooka kiasi kwamba mtu akipotea humo hajui ametokea safu ipi. Ina barabara kuu isiyolala, kwa hiyo mgeni asiyejua jina lake anaweza kushuka kwenye lori saa tano usiku, akaingia hoteli, akaagiza chai na chapati, na hakuna atakayeuliza. Daktari yupo, OCS yupo, mke na mtoto wanaweza kufika na matatu ya asubuhi kutoka Nakuru. Mwandishi mwenye akili atamtia mgeni huyo wimbo na mwanga kinywani badala ya manyoya, kisha atatafuta ni nani aliyemdunga na kwa sababu gani. Jibu la hilo halihitaji kuagizwa California.

Kikwazo ninachokiona ni kimoja tu, na nimeshakitaja kwa mpambaji mmoja wa filamu mjini Eldoret. Mguu mmoja, akaniambia, unawezekana: unaufunga wa pili nyuma. Taa ya kinywani ni betri ndogo. Fimbo ipo. Lakini makalio tisa ya kukaa imara mwigizaji akiruka kwenye matope ya Julai, na yasichekeshe, hayo alitaka alipwe kwanza.